Spana Iliyokatwa Mkia

Jumatatu, 3 Machi

Wiki yangu kubwa imeanza. Baba mkwe yuko mjini kwa binti yake mkubwa, anatolewa mtoto wa jicho. Atarudi Jumapili. Kabla hajaondoka alitukalisha barazani, mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akatuambia macho yake hayaoni tena mstari wa kulimia, kwa hiyo akirudi atamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa trekta. Mmoja! Akatutazama kwa zamu, ingawa nadhani zamu yangu ilipofika alikuwa anatazama mlango.

Shemeji tunamwita Kipimo. Hatembei bila rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Siku ya harusi yangu alipima meza kabla ya kuruhusu watu wakae. Ndiye mpinzani wangu.

Mimi ni mkwe wa nyumba hii mwaka wa kumi na nne sasa. Kwangu na kwao ni hatua arobaini (Kipimo anasema arobaini na mbili). Na bado kila nikiingia kwao, mama mkwe ananitolea kikombe cha wageni, kile chenye maua na kisahani chake. Wengine wote wanakunywa kwenye vikombe vilivyobanduka rangi. Nacheka nao, lakini naumia. Mtu mwenye ufunguo wa Bi Mkubwa hawezi kuitwa mgeni.

Bi Mkubwa ndiye trekta. Baba mkwe alimnunua kabla hajaoa, kwa hiyo mama mkwe husema yeye aliolewa mke wa pili.

Maagizo niliyoachiwa ni haya: kila asubuhi nimwashe dakika tano, nimpanguse vumbi, nisiguse kingine chochote. Kweli nimeoa kwa watu wasiojua wanaishi na nani.

Saa nne nikaona tone la oili. Tone moja, ubavuni mwa injini, chini ya kile kifuniko kinachoshikwa na bolti sita. Mtu mwingine angeliacha. Nikafungua sanduku la vifaa. Spana inayoingia kwenye zile bolti ni moja tu, nayo imekatwa mkia kwa msumeno, haifiki hata urefu wa kiganja changu. Nilicheka peke yangu. Mzee mzima, miaka yote hiyo, anakaza trekta kwa spana ya mwanasesere! Nikatafuta kipande cha bomba la maji, nikakigongelea kwenye spana, nikapata mkono mrefu wa kueleweka.

Bolti ya kwanza ililia kidogo, ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu ikakaza, ikakaza, halafu ghafla ikawa laini. Nikafurahi. Nikahamia ya nne, nayo ikawa laini. Furaha ikapungua. Nikaichomoa ya tatu kwa vidole, bila spana, ikatoka na nyuzi zote za tundu, ile mikunjo ya chuma inayoishika bolti, zimejisokota juu yake kama mvi. Tundu limebaki laini kama ndani ya kikombe. La nne vilevile.

Nikawasha injini kuona. Lile tone sasa ni mchirizi. Nikakimbilia banda la kuku kuchukua karai lao la maji nikinge. Komeo la banda, kipande cha chuma sijui walikiokota wapi, kikanibana kidole. Siku zingine zina roho mbaya.

Bomba nalo limegoma kutoka kwenye spana.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Kama nyuzi za tundu zimeisha, si nitie nyuzi? Mke wangu ni fundi cherehani. Nyumba imejaa nyuzi.

Alipokwenda kumpima mteja, nikachukua kibunda cha uzi, nikazungushia bolti zote mbili, nikapaka gundi ile ya mirija miwili, nikazipachika. Nikakaa kwenye ndoo nikisubiri zikauke, nikijisifu kimoyomoyo. Huenda watu wakaja kujifunza hili kutoka mbali.

Saa sita Kipimo akaja kumjulia hali Bi Mkubwa. Nikasimama mbele ya kifuniko, mikono nyuma. Akaniomba nimwashe. Nikamwasha, nikarudi mahali pangu kwa kasi. Kipimo akainamisha kichwa, akasema anasikia pumzi tofauti. Nikamwambia Bi Mkubwa anamkumbuka Baba. Akataka kuangalia oili. Nikamwambia Baba kasema mtu asiguse kitu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilikuwa nasema kweli tupu.

Akalitazama lile bomba lililosimama ukutani na spana mdomoni mwake. Akaenda zake.

Mpango umedumu dakika kumi na moja. Oili ilipopata moto, gundi ikalainika, bolti ya tatu ikaanza kutoka yenyewe taratibu, kama mtu anayeaga, ikiburuta uzi nyuma yake. Uzi mwekundu. Kumbe ulikuwa wa gauni la bibi harusi mdogo, na mke wangu ameutafuta jioni nzima, akanituma na mimi niutafute. Nimeutafuta kwa bidii.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetumia akili, si uchawi wa gundi. Tundu limepanuka, basi litiwe bolti nene zaidi. Suala ni wapi pa kupata bolti nene. Nikafikiri, nikatazama huku na huku, nikakumbuka kitanda chetu. Kina bolti nane. Mbili haziwezi kukosekana.

Zilikataa kuingia kwa spana. Nikaleta nyundo. Kwa nyundo ziliingia, ila zimeinama, moja inatazama kushoto na nyingine inatazama chini. Mchirizi umepungua ukawa matone ya haraka. Nimepata maendeleo.

Mama mkwe alipita na kapu la majani ya kuku. Akauliza nagonga nini. Nikasema nafukuza kutu. Akasema haya, baba, akaendelea na safari yake, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Saa nane mchana mke wangu akajilaza kidogo apumzishe mgongo. Nilisikia kishindo nikiwa uani. Nikaingia mbio. Upande mmoja wa kitanda uko juu, mwingine uko sakafuni, na mke wangu yuko katikati, ameshika ubao wa kitanda, anaangalia yale matundu mawili matupu.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Aliniuliza tu bolti ziko wapi, kwa sauti ya chini, nami nikamwambia kila kitu, kuanzia tone. Nilipofika kwenye uzi mwekundu alifumba macho. Kisha akanishika mkono akasema, "Mume wangu, nenda kwa kaka yangu. Anajua kazi hii."

Nikamwambia afadhali nife. Akasema hilo nalo ni wazo, ila nirudishe bolti kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala sakafuni, nimeamka na busara. Nimekwenda kwa mkerezaji, yule mwenye mashine ya kuchonga vyuma nyuma ya ghala la mbegu. Nikamweleza kwamba rafiki yangu mmoja, mtu mzembe sana, ameharibu nyuzi za matundu mawili. Mkerezaji akauliza rafiki yangu alivika bomba kwenye spana? Nikasema huyo rafiki hanisikilizi.

Akanifundisha dawa yake. Unapanua tundu kwa drili, unachonga nyuzi mpya kwa chuma maalumu, halafu unapenyeza koili ndogo ya chuma, mfano wa springi, ambayo ndani yake bolti ya zamani inakaa kama nyumbani. Akasema tundu lililotengenezwa hivyo linakuwa imara kuliko jipya. Nilitaka kumkumbatia.

Nikaomba aniazime hicho chuma cha kuchongea. Akasema hana. Mwenye nacho huku kwetu kote ni mtu mmoja. Nikamwambia asinitajie. Akanitajia.

Basi nimekwenda kwa Kipimo. Si kwa kuomba msaada! Nimekwenda kwa hila. Nilimwambia jirani mmoja wa mkerezaji ana pampu ya maji yenye tundu bovu, nami nimejitolea kumsaidia kwa moyo wangu mwema. Kipimo akauliza bolti ya pampu ina unene gani. Nikasema wa kawaida. Akatoa rula mfukoni, akaipangusa, akairudisha. Akaniuliza kifuniko cha pampu kina bolti ngapi. Nikasema sita kabla sijajizuia.

Akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha mbao. Kila kifaa, kuanzia drili hadi koili, kimelala kwenye kitanda chake cha kitambaa. Hata mimi nilipunguza sauti. Alinunua vifaa hivyo alipomaliza uanagenzi, na hajawahi kumwazima mtu. Akanieleza nipake drili grisi ili unga wa chuma unate. Nikichonga, nizungushe nusu mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma, nisiwe na haraka hata kidogo. Nikamwambia mambo hayo nayajua tangu tumboni mwa mama.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Shemeji," akasema, "mwambie mwenye pampu asivike bomba kwenye spana."

Nikasema nitamfikishia.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi: tundu la tatu limepona! Nimezing'oa bolti za kitanda, nimepaka grisi, nimetoboa, nimechonga nusu mbele robo nyuma, koili imeingia, bolti ya zamani imezama kwa ulaini hadi nikataka kuita watu. Sikuita. Nikakaa nikaitazama. Mkono wangu umefanya kitu kikakaa sawa, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nimekunywa chai nikiwa nimesimama.

Saa nne: simu ya shemeji yangu wa mjini. Baba amegoma kukaa. Anasema hewa ya huko ina kelele. Anarudi kesho, si Jumapili.

Saa nne na robo: tundu la nne. Kesho! Nusu mbele, robo nyuma, nusu mbele, hii robo nyuma inapoteza muda bure, nusu mbele, nusu mbele, nusu mbele.

Kikalia tiki.

Sauti ndogo, kama mtu kakanyaga njiti. Mkononi nimebaki na nusu ya chuma cha Kipimo. Nusu nyingine iko ndani ya tundu, imekazana humo, na ni ngumu kuliko kitu chochote nilichonacho. Nimeijaribu kwa msumari, ikala msumari. Nimeijaribu kwa tupa, ikala tupa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema ni koleo la nani.

Mchana kutwa nimekaa kwenye ndoo. Nimepanga mipango mitatu na yote ina mimi kuhama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Kipimo saa kumi na mbili asubuhi, na kile kisanduku mkononi. Nilikuwa nimetunga kisa kizuri chenye mbuzi ndani yake. Nikafika, akafungua mlango, nikaona anakitazama kisanduku kabla hajanitazama mimi, na kisa chote kikanipotea. Nikasema hakuna pampu, ni Bi Mkubwa, na kifaa chako nimekivunja, na Baba anakuja leo.

Alikitoa kile kipande. Akakipima. Sijui kwa nini akakipima, nadhani ndivyo anavyolia. Akaingia ndani, nikajua amekwenda kumpigia simu Baba, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Akatoka na mkoba wa vifaa begani, akaniambia nishike tochi.

Kazi ya saa nne nzima! Alipiga magoti ubavuni mwa Bi Mkubwa akawa anakigonga kile kipande kinyumenyume kwa msumari butu na nyundo ndogo, kidogo, kidogo, kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa tochi. Aliniambia mara tisa niishike imara. Kuna wakati jasho lilimwingia machoni, nikampangusa kwa shati langu. Kipande kikatoka. Akachonga upya kwa kifaa kingine kisicho kizuri kama kile, akapenyeza koili, akafunga bolti. Ametumia vidole viwili tu kukaza.

Nikamwuliza tone la kwanza lilitoka wapi basi. Akaonyesha juu, kwenye kifuniko cha kujazia oili. Kulikuwa na mchirizi mkavu. Baba aliongeza oili asubuhi ya kuondoka, na kwa macho yale akamwaga pembeni. Kifuniko cha bolti sita hakikuwa kinavuja hata kidogo.

Nilikaa chini kidogo.

Kipimo alipokwenda kunawa, nikapaka grisi na vumbi juu ya bolti zote ili zifanane na za kale. Hiyo ilikuwa hila ya mwisho na nilidhani ni nzuri.

Baba mkwe akafika saa tisa, jicho moja limefunikwa pamba, la pili ndani ya miwani myeusi. Hakuingia nyumbani. Alimsalimu mama mkwe, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, akaweka kiganja kwenye boneti. Akaomba awashwe. Akasikiliza. Akaomba azimwe. Kisha akateremsha mkono ubavuni, akapapasa bolti kwa kidole gumba. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, akasimama. Ya nne, akasimama zaidi. Akanusa kidole.

Akaomba spana yake.

Sikuwa na namna. Bomba halijatoka tangu Jumatatu. Nikamkabidhi spana na bomba lake, kitu kizima. Akaipapasa kuanzia mdomoni, akaenda, akaenda, mkono ukafika mwisho wa bomba.

"Imeota," akasema.

Akaingia ndani kupumzika. Mke wangu aliniletea chakula, sikukigusa. Ufunguo umekwenda. Nitakunywa kwenye maua hadi nizeeke.

Jumapili, 9 Machi

Barazani, wote. Baba mkwe kwenye kiti chake, ufunguo kwenye goti. Mama mkwe, mke wangu, Kipimo. Kabla mzee hajafungua mdomo nikasimama. Nikasema, "Baba, niliiharibu mimi. Kipimo ndiye aliyeitengeneza. Ufunguo ni wake."

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijikuta nautazama ufunguo.

Mzee akasema twende wote kwa Bi Mkubwa. Akamwambia Kipimo afungue bolti ya tano. Kipimo akafungua, akamulika tundu, akabaki mdomo wazi. Ndani kuna koili. Nyeusi, ya zamani, imetulia kama iliyozaliwa humo. Akaambiwa afungue ya sita. Humo hakuna hata koili, kuna vipande vya bati la kopo vilivyokunjwa.

Baba mkwe akasema ya tano aliiharibu mwenyewe wiki mbili baada ya harusi yake, kwa bomba. Ya sita aliiharibu Alhamisi iliyofuata, kwa bomba lilelile. "Nikaujua mkono wangu," akasema. "Nikaikata spana ili nikose pa kushikia."

Mama mkwe akacheka hadi akaegemea tairi. Akasema ule mkia uliokatwa aliuokota yeye, na mpaka leo ndio komeo la banda la kuku. Nikatazama kidole changu.

Basi mzee akasema hivi: Kipimo atachukua sanduku la vifaa, kwa kuwa mkono wake unajua kusimama. Mimi nitaendesha. Akasema Kipimo hajawahi kuharibu kitu, na mtu wa namna hiyo shambani, chombo kikimkwama, atakaa apime hadi mvua inyeshe. Ila mimi, akasema, nitarudi nyumbani hata kwa kusukuma. Kipimo alikuwa anatabasamu. Amekiri kwamba jua humpa kipandauso na alikuwa anaogopa kupewa.

Ufunguo uko mfukoni mwangu. Nimeugusa mara kama mia.

Na spana pia! Kipimo alilipasha bomba moto likaachia. Mzee akaniwekea spana kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili. "Hii ni yako," akasema. "Usiiongeze hata unene wa kucha." Nimemwapia. 

Halafu chai. Nikanyoosha mkono kupokea maua na kisahani. Mama mkwe akanipa kikombe cha bati, kimebanduka rangi, mkono wa kushikia umelegea. Akanipa tu, huku anaongea na mtu mwingine kuhusu kunde. Chai ilivuja ikaniunguza goti. Nimetoka kidogo, nikapangusa macho, nikasingizia vumbi.

Jumatano, 12 Machi

Nimelima siku tatu! Mistari imenyooka, karibu yote. Kipimo amepima, amesema imezidiana kidogo, kisha akasema inatosha, na kwake hayo ni mashairi. Nimemwagizia chuma kipya cha kuchongea. Kitanda kimesimama. Mke wangu ananiita dereva.

Asubuhi nilimwongezea Bi Mkubwa oili. Nilikuwa na haraka, nyingine ikamwagika.

Saa nne nikaona tone. Moja, ubavuni, chini ya kifuniko cha bolti sita.

Sikukurupuka. Mimi si yule wa wiki iliyopita. Bomba nimelitupa kabisa, bomba ni ujinga. Nimechukua ile spana ya mzee, kwa heshima zote, nikajaribu bolti ya kwanza. Nzuri sana, ila mkono unateleza. Ni fupi mno. Nikafikiri, nikafikiri. Kuongeza nimeapa sitaongeza. Lakini kurudishia mtu kilichokuwa chake, hiyo si kuongeza.

Mtu wa kuchomelea anasema itakuwa tayari saa nane. Ameshangaa jinsi vipande viwili vinavyooana, anasema utadhani havijawahi kutengana.

Mama mkwe anapita huku na huku akiuliza nani kafungulia kuku. Nimemwambia nitawarudisha wote, nikimaliza kazi moja ndogo. Robo mzunguko tu.